Saluki: Mbwa wa Mbio Mwenye Manyoya Marefu, na Anayopaswa Kuyajua Mnunuzi

Malalamiko kuhusu ununuzi wa mbwa si mengi kama yale ya simu, mbegu za mahindi au dawa za mifugo. Hata hivyo, yanapotufikia huwa na uchungu wa namna yake, kwa kuwa kitu kinacholalamikiwa mara nyingi kimekwisha kufa na kuzikwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja, mkulima wa mahindi na mbaazi katika kata ya Sigino, mjini Babati. Mwanawe anayefanya kazi Muscat alikuwa akimtumia picha za mbwa warefu, wembamba, wenye masikio yaliyofunikwa na manyoya laini kama hariri, wakikimbia jangwani. Siku moja mama akaona katika simu tangazo la muuzaji wa mji mwingine: "Saluki halisi, mbegu ya Oman, miezi miwili, chanjo zote tayari, mlinzi hodari." Picha iliyoambatana na tangazo ilionyesha mtoto wa mbwa mwenye manyoya marefu yaliyochanwa vizuri. Mama alipiga hesabu yake: angemkuza, angemtafutia dume, na watoto wangeuzwa kwa bei ile ile. Alituma shilingi 450,000 kwa simu. Mtoto wa mbwa alifika kwa basi, ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Siku ya pili alianza kutapika na kuhara damu. Siku ya tano akafa. Tulipofika kwake na kumpa pole, alitujibu: "Silii mbwa, wanangu. Nalia mabati." Fedha zile zilikuwa zimetumwa kutoka Muscat kwa ajili ya kuezeka nyumba.

Tangazo lile lina maneno machache, lakini kila dai lililomo lingeweza kupimwa kabla ya fedha kutumwa. Kinachohitajika ni kumjua mnyama mwenyewe: alikotoka, umbo lake na tabia ya afya yake.

Mbwa aliyeitwa huru

Miongoni mwa mbwa wawindaji wapo wanaofuata harufu, pua zikiwa ardhini, na wapo wanaowinda kwa macho: humwona mnyama kwa mbali na kumkimbiza hadi wamshike. Saluki ni wa kundi hili la pili. Nchi yake ni ukanda mpana wa jangwa na nyika unaoanzia Misri na Rasi ya Uarabuni, ukapita Syria na Iraki, hadi Iran. Amefugwa na makabila ya wahamaji yaliyovuka mipaka ya nchi pasipo kuijali, na kwa hiyo hakuna taifa moja linaloweza kumdai kuwa wake peke yake. Asili ya jina lake nayo ina mabishano. Wapo wanaolinasibisha na Saluq, mji wa kale wa Yemen, na wapo wanaolinasibisha na miji iliyoitwa Seleukia katika zama za watawala wa Kigiriki.

Makaburi ya Misri ya kale yana michoro ya mbwa wembamba wenye miguu mirefu na masikio yaliyolala, wanaofanana sana na saluki wa leo. Mchoro peke yake si ushahidi wa nasaba, lakini vinasaba navyo vimesema jambo. Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha aina 85 za mbwa. Saluki alionekana katika kundi dogo la aina ambazo vinasaba vyake viko mbali na vya aina nyingi zilizotengenezwa Ulaya. Katika kundi hilo alikuwamo pia mbwa wa Afghanistan, na pamoja nao jirani yetu basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo. Inafaa kusimama kidogo hapa. Neno "basenji" lina asili moja na neno letu "washenzi". Saluki, kwa upande wake, huitwa na Mabedui "al-hurr", yaani huru, au kwa lugha ya pwani ya zamani, mwungwana. Mmoja alipewa jina la kudharauliwa na mwingine jina la heshima, ilhali kipimo cha vinasaba kimewakuta katika kundi moja.

Heshima hiyo ya jangwani ilikuwa na maana katika maisha ya kila siku. Kwa desturi ya Mabedui, saluki hakuhesabiwa pamoja na mbwa wengine. Aliruhusiwa kulala hemani na hakuachwa ahangaike na majalala. Msingi wa desturi hiyo ni kazi. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama wawindaji waliofunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa, na katika nchi isiyo na malisho ya kutosha, mbwa aliyeleta swala au sungura alikuwa analisha familia. Mara nyingi aliwinda pamoja na kozi. Ndege huyo alimsumbua swala kutoka juu na kumpunguzia mwendo, naye mbwa akamfikia kwa chini. Safari ikiwa ndefu na mchanga ukiwa moto, mbwa alipandishwa juu ya ngamia ili nyayo zake zisiungue kabla ya kazi kuanza.

Mabedui walihifadhi nasaba za mbwa wao kwa kumbukumbu, kama walivyohifadhi za farasi, na mbwa wa namna hii alitolewa zawadi zaidi ya kuuzwa. Vyeti vya karatasi vilikuja baadaye na kutoka kwingine. Mwaka 1895 Mwingereza Florence Amherst alipeleka saluki Uingereza na kuanza kuwazalisha huko. Mwaka 1923 chama cha mbwa cha nchi hiyo, The Kennel Club, kilimtambua rasmi, nacho chama cha Marekani kikafuata mwaka 1929. Tangu wakati huo kumekuwa na saluki wa aina mbili kwa habari ya kumbukumbu: walio katika rejista, ambao vizazi vyao vimeandikwa, na wale wa jangwani ambao wanajulikana kwa wenyewe tu. Kwa hiyo kukosa cheti si uthibitisho kwamba mbwa ni wa uongo. Lakini muuzaji anayedai bei ya mbwa wa nasaba bila karatasi yoyote anamwomba mnunuzi alipe kwa sababu ya kumbukumbu ambazo hakuna azijuaye.

Katika nchi za Ghuba leo uwindaji wa porini umewekewa mipaka mikali, na saluki wengi sasa hukimbizwa katika mashindano, wakifuata chambo kinachovutwa mbele yao. Abu Dhabi ina Kituo cha Saluki wa Kiarabu kinachoshughulika na kuwazalisha, kuwasajili na kuwatibu. Watanzania wanaofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu huwaona wanyama hawa kwa macho yao, na si ajabu picha zao kufika Babati.

Yapasa hapa kumtaja nduguye, mbwa wa Afghanistan, kwa kuwa wauzaji huwachanganya wawili hawa, wakati mwingine kwa kutojua. Huyu ndiye mwenye manyoya marefu mwili mzima, hadi miguuni, yaliyomfaa kwa baridi ya milima. Alipata umaarufu Uingereza baada ya mbwa mmoja aliyeitwa Zardin kuonyeshwa London mwaka 1907. Na mwaka 2005, wanasayansi wa Korea Kusini walipofanikiwa kwa mara ya kwanza duniani kumpata mbwa kwa njia ya kunakili chembe za mbwa mwingine, aliyenakiliwa alikuwa wa aina hii. Manyoya yake hudai kuchanwa na kuoshwa mara kwa mara bila kukosa. Kwa maji tunayoyateka na vumbi tunaloliishi, ni mzigo ambao kaya nyingi hazitauweza.

Historia hii inatosha kujibu dai la mwisho la tangazo, lile la "mlinzi hodari". Saluki hakuzalishwa alinde. Ni mpole, mwenye haya kwa wageni, na mara nyingi hujitenga badala ya kubweka. Kilichokuzwa ndani yake kwa vizazi vingi ni hamu ya kukimbiza kila kinachokimbia. Katika boma la Sigino vinavyokimbia ni kuku, mbuzi na ndama wa jirani. Akishaanza mbio, mwito wa mwenyewe haumfikii, na barabara kuu haitamsubiri. Ikumbukwe pia kwamba Babati imepakana na maeneo ya wanyamapori, na Tarangire si mbali. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mwenye mbwa hatajitetea kwa kusema kwamba mbwa alikwenda mwenyewe. Anayetaka mlinzi wa nyumba na ghala atahudumiwa vizuri zaidi na mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, ambaye bei yake ni ndogo na ambaye amekwisha kuizoea nchi.

Umbo lake

Saluki mzima ana kimo cha sentimita 58 hadi 71 begani, jike akiwa mdogo kuliko dume. Kichwa ni kirefu na chembamba. Macho ni makubwa, yenye umbo la yai, na rangi yake ni ya kahawia. Kifua kimeshuka chini sana lakini ni chembamba kikitazamwa kwa mbele; tumbo limepanda juu; mgongo una mpindo kidogo karibu na kiuno. Mbavu chache na mifupa ya nyonga huonekana hata anapokula vizuri. Nyayo ni ndefu, vidole viwili vya kati vikiwa vimewazidi wenzao, na katikati ya vidole kuna manyoya yanayomsaidia mchangani. Akiwa katika mbio, mwendo wake hupita kilomita 60 kwa saa.

Kuhusu manyoya, ambayo ndiyo yaliyomvutia mama wa Sigino, wengi hukosea. Mwili wa saluki una manyoya mafupi na laini. Yaliyo marefu hukaa mahali maalumu: masikioni, nyuma ya miguu, mapajani na chini ya mkia, ambako huning'inia kama shada. Wapo pia saluki halali kabisa ambao hawana shada hata kidogo, wakiwa na manyoya mafupi kila mahali. Rangi ni nyingi, kuanzia nyeupe, maziwa na dhahabu hadi nyekundu, nyeusi yenye kahawia, na mchanganyiko wa tatu.

Mtoto wa saluki hazaliwi na shada hilo. Huwa na manyoya mafupi, pengine yenye ufumwele kidogo, na mashada hutokea polepole na kukamilika akiwa na umri wa miaka miwili au zaidi. Picha ya "saluki wa miezi miwili" mwenye manyoya marefu yaliyochanwa ni picha ya mbwa wa aina nyingine. Mama aliikuza picha ile katika simu yake mbele yetu, na hata sisi tusio wataalamu wa mbwa tuliona pua fupi na miguu minene isiyo ya saluki.

Jambo la pili ni la kurithi. Urefu wa manyoya ya mbwa hutawaliwa kwa sehemu kubwa na jeni moja, na tabia ya manyoya marefu hujitokeza pale tu mtoto anapoipata kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo dume mwenye mashada akipandishwa kwa jike wa kienyeji asiye na asili ya manyoya marefu, watoto wote watakuwa na manyoya mafupi. Hesabu ya mama wa Sigino ya kumtafutia mbwa wake dume hapa kwetu isingempa watoto wa kufanana na picha, hata kama mbwa angekuwa saluki wa kweli na angeishi. Na anayeuziwa "chotara wa saluki" kwa bei ya juu kwa ahadi kwamba manyoya yatakuja, anauziwa ahadi ambayo aghalabu haiwezi kutimia.

Afya yake

Kwa jumla saluki si mbwa mgonjwa-mgonjwa. Uchunguzi wa wafugaji wa Uingereza mwaka 2004 ulionyesha kuwa umri wa kawaida wa kufa kwake ni karibu miaka 12, na kwamba vifo vingi visivyo vya uzee vilitokana na saratani na maradhi ya moyo. Ipo pia hitilafu ya mfumo wa fahamu inayorithiwa, ambayo huonekana kwa watoto wakiwa bado na umri wa wiki chache: hutetemeka, hupoteza fahamu au hubadilika tabia. Hujitokeza pale wazazi wote wawili wanapokuwa wameibeba, na Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis kimetengeneza kipimo cha vinasaba cha kuwatambua wabebaji. Mzalishaji wa kweli wa mbwa wa bei kubwa analijua jambo hili na hachukii kuulizwa.

Lenye hatari zaidi kwa mfugaji wa kwetu ni mwili wenyewe. Mbwa wa mbio ana mafuta kidogo sana mwilini, na ini lake huchelewa kuvunja baadhi ya dawa. Dawa za usingizi za jamii ya thiopentali, ambazo mbwa wengine huzimudu, zaweza kumlaza saluki kwa saa nyingi au kumwua. Mbwa akipelekwa kuhasiwa, kufungwa kizazi au kushonwa jeraha, mwenyewe amwambie daktari wa mifugo waziwazi, kabla ya sindano, kwamba huyu ni mbwa wa mbio. Vilevile vipimo vya damu vya saluki hutofautiana na vya mbwa wengine: chembe nyekundu huwa nyingi zaidi, na homoni ya tezi ya thairoidi huwa ya chini hata akiwa mzima. Wapo waliotumia dawa za tezi kwa miezi kwa sababu tu karatasi ya maabara ililinganishwa na mbwa wa aina nyingine.

Wembamba wake usiwe kisingizio cha kumnyima chakula, wala usiwe sababu ya kumnenepesha. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji nyama, dagaa au mayai pamoja nao. Na unga huo uwe ule ambao wewe mwenyewe ungeula. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo baadhi yetu huyatenga kwa ajili ya mbwa na kuku, yana sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Wakazi wa Manyara na Dodoma hawajasahau mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu katika mikoa hiyo miwili.

Manyoya ya masikio na miguu huokota mbigiri na mbegu za majani, na huficha kupe. Yachambuliwe kila jioni mbwa anapotoka mashambani, hasa ndani ya sikio na katikati ya vidole. Mbwa wageni hawana uzoefu wa kizazi na kizazi wa magonjwa yaenezwayo na kupe, wala wa nagana iletwayo na mbung'o. Nagana humwangusha mbwa haraka: homa, kukonda, macho kufunikwa na utando mweupe. Anayeishi karibu na pori la mbung'o na kumwona mbwa wake na macho ya namna hiyo asisubiri wiki ipite.

Tumeacha chanjo mwisho kwa sababu ndiyo iliyoamua mambo Sigino. Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa dhidi ya parvo, distempa na magonjwa yanayoambatana nayo wakiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Kinga waliyoipata katika maziwa ya mama huweza kuibatilisha chanjo ya mapema, na ndiyo maana dozi moja haitoshi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kwa hiyo maneno "miezi miwili, chanjo zote tayari" hayawezi kuwa kweli yote mawili kwa mbwa mmoja. Ama umri ni wa uongo, ama chanjo ni za uongo. Mtu yeyote anayezijua tarehe hizi angelitambua hilo kwa kulisoma tangazo tu.

Dalili za mtoto yule, kutapika na kuhara damu, ni za parvo. Kirusi cha parvo hukaa mwilini kwa siku 3 hadi 7, pengine zaidi, kabla ya dalili kutokea. Aliyeanza kuhara siku ya pili baada ya kushushwa kwenye basi hakuambukizwa Sigino. Alipakiwa akiwa nao. Hesabu hiyo ya siku ina uzito katika madai, kwa kuwa muuzaji aghalabu husema, "Mimi nilikupa mbwa mzima, umemwua mwenyewe."

Kabla ya kutuma fedha

Kamwone mbwa. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama wa watoto, na ikiwezekana ndugu zao waliozaliwa pamoja. Ikiwa mji ni wa mbali, mtume ndugu au rafiki aliyeko huko, au omba video ya papo kwa papo, muuzaji akimwonyesha mama akinyonyesha. Asiyekubali lolote kati ya haya ana sababu yake.

Soma kadi ya chanjo. Kadi iliyo sahihi ina tarehe, kibandiko kilichotoka kwenye kichupa cha chanjo chenye namba ya toleo, na jina, sahihi na mhuri wa mtoa huduma. Madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, na afisa mifugo wa kata anaweza kukusaidia kuuliza kama jina lililo katika kadi ni la mtu aliyesajiliwa. Huduma hiyo ya kuuliza si ya kulipia.

Dai la "mbegu ya Oman" lina karatasi zake. Mbwa aliyeingizwa nchini kihalali ana kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi na cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo wa serikali ya nchi alikotoka, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa wengi wa nasaba huwekwa mikrochipu chini ya ngozi, na namba yake lazima ilingane na iliyo katika karatasi. Ikiwa muuzaji anasema wazazi walitoka Kenya, ipo East Africa Kennel Club ya Nairobi inayosajili mbwa wa nasaba. Mwombe namba za usajili wa wazazi kisha uliza huko. Kama hakuna karatasi, haimaanishi kwamba usinunue. Maana yake ni kwamba unanunua mtoto wa mbwa mzuri wa kupendeza, na bei iwe ya mtoto wa mbwa wa kupendeza.

Yote yaliyoahidiwa yaandikwe: aina, umri, jinsia, chanjo, na nini kitatokea mbwa akiugua ndani ya siku 14. Hifadhi picha ya tangazo katika simu mara tu uionapo, kwa kuwa matangazo hufutwa. Hifadhi ujumbe wa muamala na dai stakabadhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kilichouzwa kwa maelezo ni lazima kilingane na maelezo hayo, na mnyama anahesabika humo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Dai la fedha laweza pia kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mama wa Sigino alikuwa na ujumbe wa muamala lakini hakuwa na nakala ya tangazo, nalo lilikuwa limekwisha kuondolewa. Picha ile ya mbwa mwenye pua fupi, ambayo kwa bahati alikuwa amemtumia mwanawe Muscat, ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi wake, na shauri lake bado linaendelea.

Mbwa akifa, usiharakishe kumzika. Mwite daktari wa mifugo amwone na aandike taarifa, au aagize sampuli ipelekwe kwenye kituo cha Arusha cha Wakala ya Maabara ya Veterinari. Mzoga ufungwe katika mfuko na uwekwe mahali pa baridi, mbali na mbwa wengine na watoto. Ikiwa kabla ya kufa alimng'ata mtu au alikuwa na tabia isiyo ya kawaida, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, bali chanjo ikiwahi huzuia.

Parvo hubaki udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka, hasa penye kivuli. Boksi na matandiko vichomwe. Vyombo na sakafu vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, na viachwe vilowe kwa dakika 10. Asiletwe mtoto mwingine wa mbwa katika ua huo kabla hajamaliza chanjo zake zote, akiwa na wiki 16 au zaidi.